Mimba ya yai la kuchangiwa: kushika ni mwanzo tu

Mwishoni mwa Novemba 2023 habari moja kutoka Kampala ilizunguka Afrika Mashariki nzima, kuanzia magazetini hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Safina Namukwaya, mwanamke wa miaka 70, alikuwa amejifungua mapacha kwa upasuaji, wa kike na wa kiume, katika hospitali ya Women's Hospital International and Fertility Centre inayoongozwa na Dk Edward Tamale Sali. Miaka mitatu kabla yake alikuwa amezaa mtoto wa kike. Mama huyo aliishi miaka mingi akisimangwa kwa kukosa mtoto, na furaha iliyomzunguka siku ile ilikuwa haki yake.

Kuna sentensi moja katika habari ile ambayo wengi waliipita haraka: yai lilitoka kwa mwanamke mwingine. Hospitali haikuficha jambo hilo. Sisi wasomaji na wasikilizaji ndio tuliobeba umri na kuacha yai. Mwanamke wa miaka 45 anayesubiri mtoto, akisikia kwamba bibi wa miaka 70 kazaa, anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba mayai yake mwenyewe bado yana muda. Kwa walio wengi muda huo umekwisha, na hakuna aliyemwambia.

Yupo pia mwanamke wa pili, ambaye ndiye hasa ninayemwandikia. Huyu ameshakubali yai la kuchangiwa. Alilia, akashauriana na mumewe, wakauza kiwanja, akapandikizwa kiinitete. Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili ilishika ikatoka wiki ya saba. Sasa anajiuliza kama arudi mara ya tatu, na hajui amuulize nani, kwa sababu hata mama yake mzazi hajui. Mwanamke huyu anahitaji kupewa mambo mawili kwa lugha iliyonyooka: nafasi yake ya kuzaa akirudia, na hali atakayokabiliana nayo mimba ikishika. La kwanza linazungumzwa sana kwenye vituo vya matibabu. La pili huachwa, na ndilo linaloweza kumuua.

Tuanze na yai. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa tayari na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili. Hakuna jipya linalotengenezwa baada ya hapo. Akifika kuvunja ungo yamebaki laki chache, na kuanzia miaka ya thelathini na kitu yanapungua kwa kasi huku yale yaliyobaki yakizidi kuwa na hitilafu za kromosomu. Hitilafu hizo ndizo zinazofanya mimba zisishike, au zishike na kutoka mapema.

Mji wa mimba hauzeeki kwa mwendo huo. Jambo hili lilianza kuonekana wazi mwaka 1983, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash mjini Melbourne, Australia, walipompandikiza mwanamke ambaye ovari zake zilikuwa zimekwisha kufanya kazi. Walimpa homoni za kuandaa mji wa mimba, wakaweka kiinitete kilichotokana na yai la mwanamke mwingine, na mwishoni mwa mwaka huo akajifungua. Mapema mwaka 1984, California nayo ikatangaza mtoto wa yai la mwanamke mwingine. Mwaka 1990 Dk Mark Sauer na wenzake wa Los Angeles walichapisha matokeo ya wanawake waliovuka miaka 40 waliopewa mayai ya wasichana, na wakaonyesha kwamba miili yao ilipokea mimba vizuri. Mlango ambao madaktari walidhani umefungwa na umri ukawa umefunguka.

Takwimu za Marekani, ambako vituo vinatakiwa kuripoti matokeo yao serikalini, zinachorwa kila mara kwenye grafu yenye mistari miwili. Mstari wa wanawake wanaotumia mayai yao unateremka kuanzia katikati ya miaka ya thelathini, na baada ya miaka 44 unakaribia kugusa chini. Mstari wa wanaotumia mayai ya kuchangiwa unakwenda karibu sambamba na ardhi, mwanamke awe na miaka 32 au 43: takriban nusu ya upandikizaji wa viinitete vya mayai mabichi (yasiyogandishwa) ya kuchangiwa huishia kwa mtoto aliye hai. Hata hivyo mstari huo nao una mwisho. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014, wa raundi 27,959 za mayai ya kuchangiwa, ulionyesha kwamba baada ya miaka 44 matokeo nayo huanza kushuka. Hayaporomoki, lakini yanashuka. Umri wa mchangiaji ndio unaobeba uzito mkubwa, ila umri wa mpokeaji haufutiki.

Sasa kuhusu kurudia. Chukua wanawake 100, kila mmoja akiwa na nafasi ya asilimia 45 katika kila upandikizaji. Raundi ya kwanza, 45 wanapata mtoto na 55 wanarudi nyumbani mikono mitupu. Hao 55 wakirudi wote, 25 hivi wanazaa. Wanabaki 30. Wakirudi tena, wanazaa 13 au 14. Hadi mwisho wa raundi ya tatu, zaidi ya 80 kati ya wale 100 wana watoto. Hesabu hii inalingana na kilichoonekana hospitalini: mwaka 1997 Dk Richard Paulson na wenzake wa Los Angeles waliripoti kwamba baada ya raundi nne za mayai ya kuchangiwa, jumla ya waliojifungua ilivuka asilimia 80. Raundi moja iliyokataa, au hata mbili, haina maana kwamba mji wa mimba umekataa. Kwa mwanamke aliyekaa kitandani akijilaumu kwamba alinyanyua ndoo au alipanda bodaboda siku ya tatu, hili ni jambo la kusikia mara nyingi hadi liingie. Nafasi ya asilimia 45 maana yake ni kwamba zaidi ya nusu hawapati mara ya kwanza hata kama kila kitu kimefanywa sawasawa.

Lakini hesabu hiyo ina shimo, na ni wajibu wa anayeitaja kulionyesha. Inachukulia kwamba kila aliyeshindwa amerudi. Katika maisha halisi wengi hawarudi. Fedha zimekwisha, ndoa imetikisika, au daktari mwenyewe amewaambia ukweli kwamba hakuna matumaini. Wanaobaki hadi raundi ya nne mara nyingi ni wale wenye viinitete vizuri na mfuko mzito. Asilimia 80 ni ahadi kwa anayeweza kuvumilia hadi mwisho, na kwa familia inayolipa kila kitu mfukoni, katika nchi ambako bima ya afya kwa kawaida haigusi matibabu haya, mwisho huo unaweza kuwa mbali kuliko hesabu inavyoonyesha.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kuna maneno ya kupima. Kituo kikisema kinafanikiwa kwa asilimia 60, uliza: asilimia 60 ya nini? Kipimo cha damu kilichosoma chanya siku ya kumi na mbili ni kitu kimoja, mapigo ya moyo kwenye ultrasaundi wiki ya saba ni kitu kingine, na mtoto aliyebebwa kurudi nyumbani ni kitu cha tatu. Kila hatua inapoteza baadhi. Tangazo linalohesabu hatua ya kwanza na kuiita mafanikio linamdanganya mtu aliye katika hali ya kudanganyika kirahisi. Uliza pia mayai yatakayovunwa ni mangapi, na kama viinitete vitakavyosalia vitagandishwa kwa ajili yako. Hili lina thamani kubwa, kwa sababu mchangiaji mmoja kijana anaweza kutoa mayai ya kutosha viinitete kadhaa, na raundi ya pili na ya tatu zikawa za kuyeyusha na kupandikiza tu, bila kumchoma sindano mchangiaji upya na bila kulipia uvunaji mwingine.

Upandikizaji wenyewe ni kitu kidogo mno ukilinganisha na yaliyoutangulia. Mwanamke ameshameza vidonge vya estrojeni kwa wiki mbili hivi ili ukuta wa mji wa mimba unenepe, kisha projesteroni ya kuchoma au ya kuweka ukeni kwa siku tano au sita. Siku yenyewe anaambiwa anywe maji kibofu kijae, maana kibofu kilichojaa kinausukuma mji wa mimba mahali ambapo ultrasaundi ya tumboni inauona vizuri. Hachomwi ganzi. Nyuma ya kidirisha, mtaalamu wa maabara anavuta kwenye mrija laini kiinitete cha siku tano, kidogo kuliko chembe ya mchanga, pamoja na tone la maji yake. Daktari anaupitisha mrija huo kwenye mlango wa kizazi huku akitazama skrini. Mara kinaonekana kidoa cheupe kikisimama katikati ya kijivu. Watu wengi hudhani ndicho kiinitete. Kwa kweli ni kiputo cha hewa kilichosafiri nacho. Mrija unarudishwa maabara, mtaalamu anauchungulia kwa darubini kuhakikisha hakuna kilichobaki, anasema uko safi, na mwanamke anaruhusiwa kwenda chooni. Dakika chache zimetosha. Halafu zinaanza siku kumi hadi kumi na nne za kusubiri, na wanawake waliozipitia wanasema hizo ndizo ndefu kuliko zote.

Ikikataa mara mbili au tatu kwa viinitete vizuri, kurudia bila kutafuta sababu ni kupoteza fedha na moyo. Kwa mayai ya mchangiaji kijana, lawama kwa yai hupungua, na macho yanapaswa kugeukia kwingine. Kwanza ni ndani ya mji wa mimba. Faibroidi ni jambo la kawaida sana kwa wanawake weusi, na zile zinazochomoza ndani ya uwazi wa mji wa mimba huzuia mimba kushika. Zilizo nje ya ukuta mara nyingi hazina neno. Kuna makovu yaliyoachwa na usafishaji wa kizazi baada ya mimba kuharibika. Kuna kifua kikuu cha viungo vya uzazi, ugonjwa ambao katika nchi zetu hauna budi kukumbukwa, kwani unaweza kukaa kimya bila kikohozi huku ukiharibu mirija na ukuta wa ndani. Na kuna mirija iliyoziba na kujaa maji. Maji hayo hurudi ndani ya mji wa mimba, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba yanaweza kupunguza nafasi ya mimba kwa karibu nusu. Mrija wa namna hiyo huondolewa au kufungwa kabla ya kupandikiza. Mwanamke aliyepandikizwa mara tatu bila mtu kuangalia mirija yake, kwa hoja kwamba upandikizaji hauhitaji mirija, hakutendewa haki.

Pili ni mwanamume. Yai limebadilishwa, mbegu bado ni zilezile. Mume aliyepima mara moja miaka sita iliyopita akaambiwa yuko sawa anapaswa kupima upya. Wanaume wengi wanakataa, na wake zao wanawalinda kwa kusema kwa mawifi na mama mkwe kwamba tatizo ni lao. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba sioni haya kuliandika: mwanamume anayempeleka mkewe kuchomwa sindano kwa raundi ya tatu huku yeye akikataa kutoa kikombe kimoja cha shahawa, anamwonea.

Yapo pia mambo ya nyongeza yanayouzwa kwa wanaorudia. Mojawapo ni kukwangua ukuta wa mji wa mimba mwezi kabla ya kupandikiza. Mwaka 2019 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka New Zealand, ukashirikisha wanawake zaidi ya 1,300, ulionyesha kwamba kukwangua huko hakuongezi watoto. Kipimo cha kutafuta siku maalumu ya ukuta kupokea kiinitete nacho kilipojaribiwa vizuri Marekani, matokeo yake yakachapishwa 2022, hakikuleta tofauti. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia matibabu ya uzazi, HFEA, imeziwekea huduma kama hizi alama za rangi ili mgonjwa aone zipi zina ushahidi na zipi hazina. Sisi hatuna mamlaka ya namna hiyo, lakini swali la mgonjwa linaweza kuwa lilelile: hii imethibitishwa kuongeza watoto wanaozaliwa, au inaongeza bili?

Sasa tuseme imeshika. Simu imepigwa kutoka maabara, mume amekaa chini kwa furaha. Kwa vituo vingi, hapa ndipo faili linapoanza kufungwa. Wiki ya kumi au ya kumi na mbili, kondo la nyuma likishachukua kazi ya kutengeneza homoni, dawa zinasimamishwa na mwanamke anaambiwa aanze kliniki kama wajawazito wengine.

Yeye si kama wajawazito wengine. Katika mimba ya kawaida nusu ya urithi wa mtoto inatoka kwa mama anayembeba. Katika mimba ya yai la kuchangiwa, mwili wa mama unabeba kiumbe kisicho na urithi wake hata kidogo, na kinga yake ya mwili lazima ijifunze kukivumilia. Mara nyingi inaweza. Ila kondo la nyuma hujishikiza kwa shida zaidi, na matokeo yake huonekana kwenye presha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 uliweka namba: hatari ya priklampsia, ile hali ya presha kupanda na kuathiri figo, ini au ubongo ambayo hutangulia kifafa cha mimba, ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ikilinganishwa na mimba za upandikizaji mwingine, na zaidi ya mara nne ikilinganishwa na mimba zilizoingia zenyewe. Sehemu ya hatari hiyo inatokana na umri wa akina mama hawa, na kwamba kwa wengi ni mimba ya kwanza. Hata hayo yakiondolewa kwenye hesabu, yai la kuchangiwa linabaki na sehemu yake.

Umri ukizidi, hatari inapanda juu ya hatari. Dk Paulson huyohuyo na wenzake waliwafuatilia wanawake 77 waliopandikizwa wakiwa na zaidi ya miaka 50, na mwaka 2002 wakaripoti kwamba takriban theluthi moja ya waliobeba mimba walipata priklampsia. Wengi walijifungua kwa upasuaji. Hao walikuwa wamechujwa kwa vipimo vya moyo, sukari na presha kabla hata ya kupandikizwa, na walihudumiwa katika hospitali zenye kila kitu. Ndiyo maana habari ya Kampala, pamoja na furaha yake, haipaswi kusomwa kama mwaliko. Mapacha wale walizaliwa kabla ya wakati na wakalazwa kwenye mashine ya joto.

Mapacha wenyewe ni suala. Mwanamke aliyelipa mamilioni na kusubiri miaka kumi akiulizwa viwekwe viinitete vingapi, anajibu viwili, vitatu, daktari weka vyote. Namwelewa kabisa. Lakini kiinitete cha yai la mchangiaji kijana kina nguvu, na viwili mara nyingi hushika vyote viwili. Mapacha wanamaanisha njiti, damu nyingi baada ya kujifungua, na presha zaidi kwa mwili ambao tayari uko kwenye hatari. Uingereza, ambako takriban uzazi mmoja kati ya minne wa upandikizaji (IVF) ulikuwa wa mapacha au zaidi, ilianza kuhimiza kiinitete kimoja kwa wakati mwishoni mwa miaka ya 2000, na leo kiwango hicho kiko chini ya asilimia 5 bila nafasi ya kupata mtoto kushuka. Kilichofanya iwezekane ni kugandisha. Cha pili hakitupwi, kinasubiri zamu yake. Kwa mayai ya kuchangiwa hakuna hoja nzito ya kitabibu ya kuweka zaidi ya kimoja, na daktari anayekubali kuweka vitatu ili mteja aridhike ameacha kazi yake.

Haya yote yanaweza kusimamiwa kama mtu anajua. Mwaka 2017 utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya na Israel ulionyesha kwamba aspirini ya dozi ndogo, ikianzwa kati ya wiki ya 11 na ya 14 kwa wajawazito walio kwenye hatari kubwa, inapunguza priklampsia ya kabla ya wiki ya 37 kwa zaidi ya nusu. Vidonge hivyo ni vya bei ya chini na vinapatikana, lakini vinaanzishwa na daktari na vinafaa vikianza mapema; wiki ya ishirini na nane muda umeshapita. Presha ikishapanda hadi kutishia kifafa, kuna sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo utafiti wa mwaka 2002 uliowashirikisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba hupunguza kifafa kwa nusu. Tanzania imeshusha vifo vya uzazi hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022, na kutokwa damu pamoja na kifafa cha mimba bado viko mstari wa mbele kati ya sababu. Dawa zipo na wakunga wanajua kazi yao, ila mkunga hawezi kulinda asichokijua.

Na hajui kwa sababu mama hasemi. Kusema ni kugumu kweli. Al-Azhar ya Cairo ilitoa fatwa mwaka 1980 inayoruhusu upandikizaji kati ya mke na mume na kukataza mtu wa tatu, na msimamo huo ndio unaofuatwa na Waislamu wengi wa Sunni, wakiwamo wa mwambao wetu na sehemu kubwa ya Ghuba. Viongozi wa Kishia wa Iran wamekwenda njia nyingine. Kanisa Katoliki lilikataa mwaka 1987. Sikusudii kuamua mambo ya imani ya mtu. Ninachokiona ni kwamba wapo waumini wa dini zote waliofikia uamuzi huu usiku, wawili, wakiapiana kutomwambia yeyote. Kiapo hicho wanakibeba hadi kliniki. Mwanamke wa miaka 44 anaketi kwenye benchi pamoja na wengine, anapimwa uzito, anafungwa mkanda wa presha mkononi, anachovya kijikaratasi kwenye mkojo, na kadi inaandikwa: mimba ya kwanza, hali nzuri. Hakuna mahali kwenye kadi palipoandikwa yai lilitoka wapi, na hakuna aliyeuliza.

Ukimya huo unapotosha hata mambo ambayo mtu hangeyafikiria. Hatari ya mtoto kuwa na hali ya Down hukokotolewa kwa umri wa yai. Kwa yai la mwanamke wa miaka 45 ni takriban mmoja kati ya 30. Kwa yai la msichana wa miaka 25 ni takriban mmoja kati ya 1,250. Maabara ikijaza umri wa mama, itamrudishia majibu ya kumtia hofu bure, na anaweza kuchomwa sindano ya kutoa maji ya uzazi pasipo sababu. Kundi la damu nalo huleta mshangao: mama wa kundi O anaweza, kwa yai la kuchangiwa, kuzaa mtoto wa AB, jambo ambalo katika mimba ya kawaida karibu haliwezekani. Muuguzi asiyejua anaweza kuuliza swali hilo mbele ya mama mkwe, wodini.

Suala la mchangiaji linahitaji makala yake. Hapa niseme tu kwamba msichana anayechomwa sindano za homoni kwa siku kumi hivi na kuvunwa mayai kwa sindano naye ni mgonjwa wa mtu, ana haki ya kuambiwa hatari za ovari kuvimba, na ana haki ya kukataa. Na kwa upande wa mpokeaji, katika ukanda wetu ambako wenye nusu ya urithi wa selimundu ni wengi, kupima selimundu kwa mchangiaji na kwa mume ni lazima sawa na kupima VVU na homa ya ini. Wote wawili wakiwa wabebaji, mtoto mmoja kati ya wanne ataugua.

Kwa upande wa sheria, nchini Kenya mswada wa mwaka 2022 kuhusu matibabu haya uliletwa na mbunge Millie Odhiambo, na nchini Uganda ule wa 2023 uliletwa na mbunge Sarah Opendi. Yote miwili ilihangaika na maswali mazito: mzazi ni nani, nani aruhusiwe, nani atoe leseni. Natamani kila mswada wa namna hii, na wowote utakaokuja Dodoma, uwe na kifungu kimoja zaidi kinachokilazimisha kituo kilichopandikiza kumkabidhi mama barua ya kitabibu siku anapofungiwa faili. Barua iwe na umri wa yai, aina ya maandalizi ya homoni, idadi ya viinitete vilivyowekwa, maelekezo ya aspirini, na agizo kwamba presha ipimwe mara nyingi zaidi hadi mwisho na kwa wiki sita baada ya kujifungua, kwa kuwa priklampsia inaweza kuibuka hata mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa na wageni wamekwisha kula pilau. Jina la mchangiaji halihitajiki humo, wala maelezo ya nani kaamua nini na kwa dini gani.

Barua hiyo haihitaji kusubiri bunge. Daktari anaweza kuiandika leo kwenye karatasi moja yenye mhuri, na mama akamwomba mkunga wa zamu wazungumze pembeni, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya wiki ya 16. Mkunga naye anabanwa na kiapo cha kutunza siri za mgonjwa. Kituo kikikataa kuiandika, mama aidai kabla ya kulipa salio.